Diski Iliyokaa kwa Dada Yangu Vuhovi

Fundi aliyetumwa kutoka Beni alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai ya mke wangu, akaangalia ekrani, kioo cha kompyuta, kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja, kisha akasema diski zote mbili ni tupu. Hakusema "nadhani". Hakusema "tuangalie vizuri". Alisema: "Papa, humu hamuna kitu. Tufanye formatage, tumalize."

Formatage, kwa asiyejua, ni kufuta diski yote na kuanza upya, kama mtu anayelima uwanja bila kuuliza kwanza kama kuna kaburi. Na pale nje, kwenye benchi ya barza yangu, alikuwa amekaa mama mmoja anayengoja kujua mtoto wake alipelekwa wapi, na jibu lake lilikuwa ndani ya diski hizo ambazo bwana huyu anaziita tupu. Miaka imepita mingi. Hasira yangu haijapita, na sioni sababu ya kuificha.

Mimi shule nilisoma miaka miwili tu, kwa wamisionari kule Lubero, na wa pili sikuumaliza. Baba alikufa, nikapewa chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nikawa ninateremsha viazi mpaka Butembo. Kutoka chukudu niliingia kwenye camion, yaani lori, kwanza kupakia, halafu kushika funguo za fundi. Kutoka camion nilijua groupe, mashine ya kutoa umeme. Kutoka groupe nilijua phonie, redio ya kuitana mji na mji, mpaka nikawa na phonie yangu Butembo na nyingine Beni. Hakuna aliyenifundisha nikiwa nimeketi. Kila ninachokijua nilikijua nimeinama, mikono ina mafuta. Kwa hiyo mtu akija na diplome yake ndani ya plastiki, akaniambia kitu ni tupu bila kukifungua, damu inapanda.

Machini yenyewe, ile kompyuta, haikuwa yangu. Ilikuwa ya biro, yaani ofisi, ya watoto ya parokia, iliyoongozwa na abbé, padre mmoja mpole sana, mpole kupita kiasi. Iliwekwa kwangu kwa sababu mimi nilikuwa na groupe na mazout, yale mafuta yake, na kwao hakukuwa na umeme wa kuwasha hata taa moja. Wakati ule vita ilikuwa imesukuma watu kutoka upande wa Mambasa. Walikuwa wanafika Beni kwa miguu, na watoto wengine walifika peke yao, wameshika nguo ya mtu wasiyemjua. Biro iliandika kila mtoto: jina, kijiji, alama ya mwilini, na familia iliyokubali kumchukua. Pale Beni waliandika kwenye makaye, yale madaftari ya shule, halafu kila asubuhi walinisomea kwenye phonie, na mimi Butembo niliandika ndani ya machini kwa kidole kimoja. Ndiyo, kimoja. Mais pamoja na hayo sikuruka jina hata moja.

Halafu biro ya Beni ikaporwa, makaye yakaenda. Siku chache baadaye mke wangu alileta karanga kutoka sokoni, na karatasi waliyofungia karanga zile ilikuwa na majina ya watoto. Niliikunjua juu ya meza, nikaona mwandiko ninaoujua. Batoto ba batu, wamefungiwa karanga. Sikula karanga zile. Tangu siku ile orodha nzima ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku la chuma chumbani mwangu.

Hapa lazima nieleze sanduku lile, bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilikasirika.

Aliyelipanga alikuwa mtoto wa hapa kwetu aliyesomea Kampala. Alikataa kutia programu ambazo biro nyingine zote zilitumia, kwa sababu disketi za mjini zilikuwa zimejaa virusi kama kuku wa soko. Alitia Linux, programu ambayo virusi vile haviiwezi. Tena hakukuwa na diski kubwa. Kulikuwa na mbili ndogo zilizotolewa kwenye machini za zamani, na kila moja peke yake haikutosha. Akaziunganisha kwa njia inayoitwa LVM. Maana yake ni hii: diski mbili zinakuwa ghala moja, na ndani ya ghala unakata vyumba vinavyoitwa volume logique. Chumba kinaweza kuanzia kwenye diski ya kwanza kikaishia kwenye ya pili, na wewe uliye ndani hujui mpaka uko wapi. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake ni huo huo: diski moja ikikosa, ghala halifunguki. Aliniachia kaye yenye maelezo kwa mkono wake, na CD mbili, akarudi zake.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu mimi si kama wengine.

Sisi watu wa Butembo tuna desturi yetu ya vita. Ukisikia askari wanakaribia, hufichi camion, camion haifichiki. Unatoa pampu ya mazout, unatoa na démarreur, mota ya kuwashia, halafu havikai nyumba moja. Pampu inaenda kwa shemeji, démarreur inaenda kwa dada, na shemeji hajui cha dada wala dada hajui cha shemeji. Mwenye kupigwa akisema, atasema nusu. Camion nyingi za mji huu zilipona hivyo, na nyingine nilizifungua mimi kwa mikono yangu.

Basi habari ilipofika kwamba askari wanapanda barabara, nilifanya kwa machini kama ninavyofanya kwa camion. Nilitoa diski zote mbili. Ya kwanza niliifunga kwenye plastiki nikaifukia chini ya kibanda cha sungura. Ya pili nilimpa dada yangu mkubwa aliyekuwa anarudi kijijini kwake Vuhovi. Aliiweka katikati ya beseni la maharagwe, akajitwika, akapita kizuizini. Askari wa kizuizi alitia mkono ndani ya beseni, akajichotea maharagwe kwa ajili ya sufuria yake, akamwachia apite. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba jasho halikumtoka. Mimi namjua, lilimtoka.

Kosa ni kwamba diski ya pili niliivuta kwa haraka, upande upande, kama mtu anayeng'oa jino la mbuzi. Sindano mbili zilivunjika kwenye ubao wa machini, pale waya wake unapochomekwa. Nilizisikia zikivunjika. Nilisema hiyo ni kazi ya kesho.

Askari walikuja kweli. Walibeba ekrani, wakidhani ni televisheni, wakabeba na batri za phonie. Sanduku walilipiga teke, mmoja wao akasema kwa Lingala "eza mpamba", yaani halina maana, wakaliacha.

Mambo yalipotulia nilifukua diski ya kwanza, dada yangu akaleta ya pili, na bado ilikuwa na vumbi la maharagwe. Ya kwanza niliichomeka mahali pake. Ya pili haikuwa tena na mahali. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amerudi Dubai na gunia la vipande vya machini. Nilichambua gunia lile kama mtu anayechambua mchele, nikapata kadi, kibao kidogo unachochomeka ndani ya sanduku ili kupata nafasi nyingine ya diski. Nikachomeka kadi, nikachomeka diski kwenye kadi, nikatafuta ekrani nyingine, nikawasha.

Maandishi yalishuka. Halafu yakasimama. Machini ilisema ghala halijakamilika, imeshindwa kupata mahali pa kuanzia, na neno la mwisho lilikuwa panic, yaani imekata tamaa. Nilizima, nikawasha tena. Panic. Kila siku niliwasha, kila siku panic.

Katikati ya hayo ndipo yule mama alipofika. Alikuwa ametembea kutoka msituni, akapita Beni, akaulizia parokia zote za barabarani. Yeye na binti yake wa miaka sita walipoteana njiani watu walipoanza kukimbia. Huko Beni mwanamke mmoja alimwambia kwamba alimwona mtoto wa namna hiyo akiandikwa kwenye biro na kuchukuliwa na watu waliokuja na gari, mais hakujua watu gani wala gari la wapi. Aliponitajia jina la mtoto, nilisimama. Jina lile nililiandika mimi. Lilikuwa jina la babu wa ukoo kwa upande wao, gumu, na nililirudisha mara tatu kwenye phonie ili nisikosee.

Alikaa kwenye benchi akaniangalia.

"Papa, jina yake iko ndani kweli?"

"Iko. Niliandika na hii kidole."

"Na batu benye balimubeba, ulisahau?"

"Nilisahau."

Mimi ningetukana. Yeye aliuliza tu kama mke wangu ana kazi ya kumpa mikono, akapewa sinia ya maharagwe ya kuchambua, akawa anakuja kila siku asubuhi na kuondoka jua linapoinama. Alilala kwa masista. Sijui kama alilala.

Nilijichukia. Kichwa kinachokumbuka kila bolti ya camion niliyoifungua ujana wangu hakikukumbuka mstari mmoja. Yalikuwa majina mengi, kila asubuhi, sauti ya phonie inakwaruza, na mimi ninatafuta herufi. Naeleza, sijitetei.

Na sasa fundi. Wakubwa waliokuwa wanatawala Beni wakati ule walimtuma kupanga machini za biro zote ziwe namna moja, na alikuwa na ordre de mission, barua ya kutumwa kazi, yenye mihuri mitatu. Alitia CD yake mwenyewe, ikamwonyesha diski ya kwanza na maneno "aina haijulikani". Ya pili haikumwonyesha kabisa. Hapo ndipo aliposema hamuna kitu.

Nilimwambia kwamba kutojua si kutokuwepo. Nilimwambia kwenye kaye yangu imeandikwa kwamba diski ya LVM ina alama ya 8e, na pale kwenye ekrani yake 8e ilikuwa inamtazama machoni. Akatabasamu.

"Muzee, we ulisoma informatique wapi?"

"Kwa hii machini. We ulisomea pembeni yake."

Mke wangu alicheka kule jikoni. Fundi hakucheka. Alimgeukia abbé, akaanza kumwelezea kwa Kifaransa kile kirefu ambacho watu hutumia ili mzee asifuate. Nilifuata. Alisema diski ya pili imekufa, na kwamba haifai kupoteza mazout kwa ajili ya "sentiments", yaani hisia. Abbé akanishika bega. Akasema biro inahitaji machini, watu wa chakula wanataka orodha mpya ya familia, fundi anarudi Beni Jumamosi saa sita na camion inayobeba mbao.

"Orodha mpya ya nani, mon père? Batoto ba hii ya zamani baliisha kupatikana?"

Akanipa mpaka Jumamosi saa sita. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi niliwafukuza wote chumbani. Sikuanza na vidole, nilianza na macho, kama kwenye camion. Camion isiyowaka haina siri. Kuna mafuta, kuna hewa, kuna mgandamizo, na kimojawapo hakifiki. Nikawasha machini, nikaiangalia tangu sekunde ya kwanza, ile ambayo fundi wa diplome alikuwa anakunywa chai. Na nikaona. Kabla Linux haijaanza, kadi ya Dubai iliandika mstari wake yenyewe: imeona diski moja, na ukubwa wake huu. Ndiyo ile ya Vuhovi. Halafu mstari ukafutika, Linux ikaja, na Linux ikasema haioni.

Donc basi, diski haikufa. Kadi inaiona, Linux haiioni. Kati ya hizo mbili kuna mlango.

Nilichukua kaye. Ninasoma polepole, kidole chini ya neno, na Kifaransa cha yule mtoto wa Kampala kilikuwa cha haraka. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja juu ya kitu kinachoitwa initrd, na ukurasa ule nilikuwa nimeupita mara nyingi kwa sababu haukunihusu. Sasa ulinihusu. Vyombo vya kufungua ghala, vyote vimo ndani ya ghala lenyewe. Ni kama mtu aliyefunga nyumba na ufunguo akauacha mezani ndani. Kwa hiyo pembeni, mahali pasipo kwenye ghala, kuna kifurushi kidogo. Machini ikiamka inabeba kwanza kifurushi kile kwenye kumbukumbu yake, inatoa funguo zilizomo, ndizo programu ndogo za kuamsha kila kifaa, inafungua ghala, halafu inaingia. Kifurushi kile kilifungwa siku ambayo diski zote mbili zilikuwa kwenye ubao. Ufunguo wa kadi ya Dubai haumo. Ungekuwamo vipi? Siku ile kadi ilikuwa bado Dubai.

Nilipiga meza. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna mwenye kufa humu, ni mlinzi wa ghala tu hana ufunguo.

Kuutafuta ufunguo kulichukua siku nzima. Ulikuwa ndani ya ghala, bila shaka, pamoja na vingine vyote. Mais yule mtoto wa Kampala aliniachia CD ya kwanza, ile aliyopangia machini, na ndani yake kulikuwa na Linux ileile, imekunjwa bado haijatumika. Niliianzisha machini kwa CD hiyo. Ilikuwa CD ya zamani: ikipewa jina la kadi iliona diski zote mbili, lakini haikuwa na vyombo vya kuziunganisha. Hivyo sikuweza kusoma orodha. Niliweza tu kutoa ufunguo wa kadi kutoka CD, nikahakikisha namba zake zinalingana na za Linux iliyolala ndani, kama nati na bolti, na kwenda kuutia ndani ya kifurushi. Kifurushi kinafunguliwa, kina karatasi ya maagizo ambayo machini inaisoma mstari kwa mstari: fanya hiki, halafu hiki. Nikaongeza mstari wangu. Nikakifunga. Kile cha zamani nilikihifadhi pembeni kwa jina lingine, kwa sababu fundi anayetupa kipande cha zamani kabla kipya hakijafanya kazi si fundi.

Jumamosi saa nne nilimwita abbé. Fundi wa Beni akaja naye, tayari amevaa koti la safari. Yule mama aliacha sinia akasimama mlangoni, hakuingia.

Nikawasha. Kadi ikaandika mstari wake. Linux ikaja. Ghala halijakamilika. Panic.

Fundi hakupaza sauti. Alisema tu, kwa upole, ule upole unaoumiza kuliko kofi: "Uliona, papa? Tuseme ukweli. Diski inaweza kukaa mu maharagwe siku ngapi?"

Kumbe abbé alikuwa amemsimulia. Nilimwangalia abbé, akaangalia viatu vyake. Watu watatu walikuwa wamebeba hatari juu ya orodha ile, mimi, mke wangu, na dada yangu na shingo yake, na ikawa kichekesho cha mtu aliyevaa koti. Nilitaka kumtoa nje kwa ukosi. Nilimwona yule mama. Hakuwa anaangalia ekrani, alikuwa anaangalia mkono wa fundi uliokuwa tayari umeshika CD yake ya kufuta. Alikuwa ameelewa kila kitu, bila kujua neno moja la mambo yale.

Nikaweka kiganja changu kwenye mlango wa CD.

"Saa sita haiyafika," nikamwambia. "Toka. Enda uangalie kama camion yako iko na mafuta."

Abbé, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema na yeye: "Mwache, ndugu. Saa sita bado."

Wakatoka. Mama akabaki mlangoni. Nilirudisha CD yangu, nikafungua kifurushi, nikasoma karatasi ya maagizo kwa sauti, maana nikisoma kimya ninaruka. Nilimsomea yule mama, kwa sababu alikuwepo. Nikamwambia: hapa mlinzi anatafuta diski. Hapa anafungua ghala. Na hapa, mstari wangu, anachukua ufunguo wa kadi.

Akauliza: "Anatafuta mbele ya kubeba ufunguo?"

Niliusoma tena. Mimi, mzee wa miaka yote hii, niliongeza mstari wangu mwisho wa karatasi, kama mtu anayeongeza jina lake chini ya barua. Mlinzi alikuwa anatafuta gizani, anakata tamaa, halafu ndipo anafikia ufunguo, na hakufika kamwe. Diski ilikuwa hai, kadi ilikuwa nzima, ufunguo ulikuwa mzuri. Mstari mmoja ulikaa chini badala ya juu. Nilijitukana kwa Kinande, lugha ya kwetu, matusi ambayo siandiki hapa, na yule mama hakujua Kinande lakini alijua ni matusi.

Nikapandisha mstari juu. Nikafunga kifurushi. Nikatoa CD, nikawasha.

Kadi ikaandika. Linux ikaja. Ikachukua ufunguo, ikanyamaza kidogo, muda ule sipendi kuukumbuka, halafu ikaandika kwamba imeona diski mbili. Ghala limekamilika. Maandishi yakaendelea kushuka, yakashuka, hayakusimama tena mpaka yakaniuliza jina langu.

Sikuita mtu. Niliandika jina la mtoto, lile gumu, kwa kidole changu kimoja, nikaiambia machini itafute. Ulikuja mstari mmoja. Nikamsomea mama: binti, miaka sita, kijiji fulani, kovu la maji ya moto mkono wa kushoto chini ya kiwiko, hasemi sana. Amechukuliwa na mume na mke wafanyabiashara wa samaki, Kyavinyonge kule ziwani, nyumba iko nyuma ya kanisa la Waprotestanti.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Soma ile ya mukono."

Nikasoma ile ya mkono. Akashika mkono wake mwenyewe, mahali pale pale chini ya kiwiko, akaketi sakafuni palipokuwa na waya. Mke wangu akaja akakaa naye. Mimi nilitoka nje kwa sababu sikuwa na la kufanya mle ndani.

Fundi alikuwa kwenye barza. Aliingia, akaangalia, akatoka. Kisha, mbele ya abbé, akatoa ordre de mission yake, akasema anahitaji sahihi ya mwenye nyumba kwamba machini ya Butembo imetengenezwa wakati wa ziara yake. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Abbé akasema, tia tu sahihi, papa, ni karatasi. Ni karatasi! Na ile ya karanga ilikuwa nini?

Nilichukua kalamu. Ninaandika polepole, wakangoja. Chini ya mihuri mitatu niliandika: Hakufanya kitu. Nikatia jina langu lote. Akaikunja bila kuisoma, akaingia kwenye camion ya mbao. Sijui ilisomwa Beni na nani. Natumaini na mtu aliyejua Kiswahili.

Mama aliondoka Jumatatu na gari la samaki linalorudi ziwani bila mzigo. Alimwambia mke wangu wasingya, neno la Kinande la kushukuru, pengine alilisikia kwa masista. Kwangu hakusema asante. Aliniuliza kama mtoto anaweza kusahau sura ya mama yake kwa muda ule. Nikamwambia hapana, mutoto hasahau. Sikujua. Nilisema tu.

Zilipita wiki tatu hivi. Dereva wa gari lile la samaki alisimama mbele ya nyumba yangu, hakuzima injini, akaniita. Akasema mama alimtuma ujumbe: mtoto alimkataa. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya yule mke wa mfanyabiashara, akamwita yeye ndiye mama. Siku ya pili vilevile. Sasa mama amepanga chumba huko huko, anapasua samaki ufukweni pamoja na wale waliomchukua mtoto.

Nilimkasirikia dereva kana kwamba ni yeye mwenye kosa. Nikamuuliza, na umeona kwa macho yako? Akasema ameona. Nikamuuliza, na mtoto yuko wapi mama akipasua samaki? Dereva akafikiri, akaweka gia.

"Yuko pembeni yake," akasema. "Anamuletea maji ya kunawa. Mais habasemezani."

Akaondoka, na vumbi lake likaingia mpaka kwenye machini. Nilirudi ndani, nikafungua ule mstari, nikaandika mwishoni, kwa kidole kimoja: mama amefika. Nikaacha hivyo. Lililobaki halikuwa la kuandikwa na mimi.